Mkono wa Amissi Kardani

Hapa Buyenzi ukimtafuta Amissi utaulizwa kwanza: yupi, wa tairi au wa kardani? Wa kardani ndiye jirani yangu. Gereji yake na duka langu la vipuri vinatazamana, katikati pana mtaro na barabara nyembamba, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye kiti changu cha plastiki sijaona kitu kinachonivutia kama mikono ya mtu yule. Watu husema mimi Lubna ni mbea. Si kweli. Lubna anapenda kujua, basi.

Kwa hiyo Khadidja, mke wa Amissi, alipoingia dukani asubuhi moja akajifanya anatafuta fyuzi, nilijua ana neno. Hawana gari hata la kusukuma.

"Mukono ya kuume ya Baba Shakuru inatetemeka," aliniambia kwa sauti ya chini. Shakuru ni mtoto wao wa kwanza. "Mi nimeona mu swala. Akikaa tahiyatu, mukono iko juu ya paja, vidole vinacheza. Nikimuuliza anakasirika. Anasema niangalie swala yangu."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Kwa asiyejua, kardani ni ule mti wa chuma unaolala chini ya gari, unaotoa nguvu kwenye gia na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Kila ncha ina kiungo chenye umbo la msalaba, sisi tunakiita krwazio, nacho ndicho kinachouruhusu mti ule kujikunja huku unazunguka. Ndani ya vikombe vya krwazio mna vijiti vyembamba kama sindano za kushonea, vimepangwa duara, na kimoja kikilala upande kazi yote imeharibika. Hiyo ni kazi ya vidole. Vidole vikianza kucheza, fundi wa kardani hana pa kwenda, na Amissi hajui kazi nyingine duniani. Ndiyo maana Khadidja alikuwa analia huku ameshika fyuzi yangu.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa mkono wa mtu. Nilimtazama akinywa chai, akihesabu boliti, akijikuna kichwa. Sikuona kitu, lakini kutoka ng'ambo ya barabara utaona nini? Nilihitaji sababu ya kusogea, na Mungu akaniletea Mirindi.

Mirindi ni Mkongomani wa Uvira, anapeleka vitenge na ndara kwenye masoko ya milimani kwa jipu lake la zamani, refu, lililopigwa na mawe ya kila kilima. Gari lilikuwa likigonga kila anapoondoka, na likishika mwendo sakafu nzima inanguruma. Amissi alilala chini yake, akashika kardani kwa mikono miwili na kuizungusha kidogo kushoto na kulia.

"Krwazio zimekufa zote mbili," alisema kutoka chini. "Grisi iliisha zamani. Ona, imebaki unga."

Kweli, ulimwagika unga mwekundu, kutu tupu. Mirindi alinunua krwazio mpya kwangu na nikazipeleka mwenyewe, ingawa hakuna aliyeniomba.

Kardani ya gari la namna ile ina vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, ili iweze kurefuka na kufupika njia ikiwa mbaya. Kila mwisho una uma wa chuma, na uma hizo mbili lazima zikae mkao mmoja, maana kila moja inasawazisha kuyumba kwa mwenzake. Kabla ya kuvitenganisha, Amissi alichora mstari wa chaki juu ya vipande vyote viwili. Akatoa klipsi, akabana uma kwenye jiliwa, akagonga vikombe vya zamani mpaka vikatoka vikilalamika. Kisha akazipanga zile sindano mpya ndani ya grisi kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeinama karibu sana.

"Dada Lubna," alisema, "utaingiza pua mu krwazio."

Mkono haukucheza. Nakuapia haukucheza hata kidogo. Nikarudi dukani nimevurugika: ama Khadidja aliona vibaya, ama mimi ni kipofu.

Sasa, hapa kwetu kardani iliyotengenezwa lazima ipakwe rangi ya fedha. Mteja haoni sindano wala grisi, yeye anaona kung'aa, na asipoona kung'aa atasema hukufanya kitu. Basi Amissi alisugua vipande vyote kwa brashi ya waya na petroli, akavipaka rangi, akavitundika juani vikauke, halafu akaviunga na kuvifunga chini ya jipu. Ilipendeza hata nikaona ni hasara kuificha huko.

Amissi hajaribu gari kwa kuliendesha. Huvua kandambili, hukaa chini nyuma kabisa, akalaza kiganja cha kuume juu ya bati la sakafu na kufumba macho. Anasema masikio hudanganywa na injini, lakini kiganja hakidanganywi. Mirindi alishika usukani, nami nikafunga duka na kupanda, nikisema nataka kusikia vipuri vyangu vikifanya kazi. Tulichukua barabara ya uwanja wa ndege, ile iliyonyooka, upande wa mashamba ya mpunga ya Buterere. Mirindi akaongeza mwendo.

"Inatetemeka," alisema Amissi.

"Fundi, mi sisikii kitu," alijibu Mirindi. "Iko sawa kabisa."

Amissi alifumbua macho. Hakuitazama sakafu, aliutazama mkono wake, na hapo nikajua kwamba Khadidja hakuwa peke yake katika hofu ile. Yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza, na pengine kwa muda mrefu kuliko sisi.

"Dada Lubna, weka mukono yako hapa."

Niliuweka kando ya wake. Mwanzoni sikupata kitu ila joto la bati. Halafu ukaja: mtetemo mdogo, unakuja na kwenda, unakuja na kwenda.

"Inatetemeka!" nilisema, kwa furaha kama niliyeambiwa nimepata mjukuu. Mirindi alinitazama kwenye kioo kama mtu anayebeba mwendawazimu.

Tulisimama kando ya barabara. Amissi aliingia chini, akakwangua ile rangi nzuri kwa kisu, akazitazama uma za mbele na za nyuma, akaanza kucheka.

"Jino moja," alisema. "Niliruka jino moja. Petroli ilikula chaki, na mi nikaamini macho yangu."

Alifungua boliti palepale, akachomoa, akasogeza jino moja, akarudisha. Vidole vilikuwa vyeusi kwa grisi na spana ilitulia mkononi mwake. Nilitamani Khadidja angekuwepo aone. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia, na ya kumcheka pia.

Tukaondoka tena, mwendo uleule.

"Bado inatetemeka," alisema Amissi.

Nilishusha mkono wangu. Bati lilikuwa likinguruma kama la gari lolote, tambarare, hakuna kuja wala kwenda. Nikangoja. Sijawahi kutaka gari la mtu liwe bovu kama nilivyotaka siku ile.

"Dada Lubna?"

Ningeweza kusema uongo. Jirani humdanganya jirani kwa mapenzi, na mimi nampenda mtu huyu kama kaka yangu. Lakini angelifungua tena gari zima, na tena, akitafuta kosa lisilokuwemo.

"Imetulia, Baba Shakuru."

"Kweli?"

"Wallahi imetulia."

Akamgeukia dereva. "Mirindi, simama. Zima moteri."

Gari lilisimama, kukawa kimya, unasikia ndege tu kwenye mpunga. Mkono wa Amissi ulikuwa palepale juu ya bati, na kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, polepole, kama kinachovuta tasbihi. Safari hii hakuuficha. Aliuinamia kama anavyoinamia gari lililotoka mbali lenye ugonjwa asioujua. Akashika spana: kidole kikatulia. Akaiweka chini, akalaza mkono juu ya goti: kikaanza. Akashika tena, akaachia tena.

"Ona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata kitu. "Ikipata kazi inatulia. Ikipumzika inaanza. Iko kama moteri yenye kutetemeka gari ikisimama, na ukiondoka inanyamaza."

"Muzee," alisema Mirindi taratibu, "basi haiko gari yangu?"

"Apana. Gari yako iko muzima. Ni mimi."

Machozi yalinitoka. Yeye hakulia, alinigeukia akauliza, kama vile ni kipuri ninachouza, "Hii inaitwa nini?"

"Sijui," nilisema. "Pale Kamenge, kwenye hospitali, wanaweza kujua."

Nilingoja hasira ile anayompa mkewe. Haikuja. Alijifuta grisi kwenye suruali, akatoa simu, akaitazama kwa muda kabla ya kubonyeza.

"Mama Shakuru," alisema. "Uliona vizuri. Mi nilikatala bure. Apana, sijaanguka. Njo Kamenge, unikute ku mulango ya hospitali." Akamsikiliza. "Najua ni kuona munganga tu. Lakini naogopa kuingia peke yangu."