Ukurasa Usio na Pa Kujibu

Katika miaka ya themanini nilikuwa karani kwenye kiwanda cha chumvi huko Gongoni, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupiga taipu matangazo. Niliyabandika ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli. Watu walisoma, wakaguna, wakaenda zao. Mimi nilipenda hivyo.

Nilipostaafu, mtandao ulikuwa umefika Malindi, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amefungua saiba, duka la kompyuta za mtandao, karibu na soko. Alinitengenezea ukurasa wa kumbukumbu za kiwanda. Tuliweka picha ya enzi zile, wanaume kumi na mmoja tumesimama kwenye mabwawa ya chumvi, suruali zimekunjwa, na chini yake majina. Kwa rafiki yangu mmoja, aliyegombana na baba yake akaenda kufanya kazi melini, niliandika "marehemu". Ilisemekana alikufa maji. Mpwa wangu alitaka kuweka anwani yangu ili watu waniandikie. Nikakataa.

Mama wa rafiki yangu aliambiwa na wajukuu kuhusu neno hilo. Akapanda gari kutoka Marereni akaja kwangu.

"Mwanangu, wewe ulimwosha? Ulimzika?"

"La, mama. Lakini ndivyo ilivyosemwa."

"Basi liondoe hilo neno. Mimi matanga yake sikukaa."

Sikuliondoa. Niliona aibu kufuta nilichokwisha kukitangaza; kilikuwa kiburi tu. Alirudi mara nyingi, nami nikampa chai na maneno matamu.

Miaka ikapita, kurasa za mtandao zikageuka mabaraza, kila mtu anasema lake chini ya la mwenzake. Mpwa wangu akataka na wetu uwe hivyo. Nilihofia matusi, lakini alinichosha nikakubali. Matusi yalikuja kweli, mawili matatu. Watu wakasahihisha majina, wakaleta picha zao, na mmoja akaandika kwamba karani ndiye aliyekuwa mvivu kuliko wote kiwandani.

Wiki ya pili ukaja ujumbe huu: "Mimi ndiye wa tatu kutoka kushoto. Sijafa. Niliuona ukurasa huu miaka minne iliyopita, nikadhani baba ameamuru niandikwe hivyo na nyumbani wote mmekubali. Nilitafuta pa kuuliza, sikupaona. Mama yupo?"

Mama yake tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Nilimwandikia hivyo, na kwamba neno lile lilikuwa langu peke yangu, hakuna aliyeniamuru. Kisha nikalifuta.

Siku nne baadaye akauliza swali moja: je, mama naye aliamini?

Nikamjibu la, hata siku moja. Mpaka anafariki hakukubali mtu mwingine alale kwenye kitanda cha mwanawe.