Dirisha Tulilolishona

Kwa miaka miwili nilifanya kazi ya koleo kwenye meli ya kuvua kambamiti huko Mombasa, na mpaka leo nikishika koleo mikono yangu hukumbuka. Wavu ulipofunguliwa, rundo lilimwagika sitahani: kambamiti kidogo, samaki tumbi nzima. Samaki bapa waitwao taa walipigapiga mabawa, wale waitwao fumi walikoroma, na wadogo walikuwa wamepondwa macho yakatoka. Tulichagua kambamiti, halafu tukawachota wengine na kuwasukuma baharini kupitia tundu la ubavuni. Aliyeng'ang'ania tulimponda kichwa. Wachache waliogelea. Wengi walielea matumbo juu, ndege wakawarukia.

Mimi ni mtoto wa Mbumbuni, Makueni. Msimu huo mwaitu, mama yangu, aliniambia kwa simu kwamba anapanga foleni ya mahindi ya msaada uwanjani pa kanisa, na kwamba nyumbani wanapika mara moja kwa siku. Nikamuuliza serahangi, aliyetusimamia kazini, kwa nini tunatupa chakula.

"Friza ni moja," akanijibu. "Kambamiti wanangojewa ng'ambo. Hawa wadogo nani atawataka? Ukiwajaza humo tajiri wa meli atatupiga teke wewe na mimi. Chota, wewe wa bara."

Na dawa yake tulikuwa nayo. Juu ya wavu palikuwa na dirisha la matundu mapana, samaki apande atoke, kambamiti abaki chini. Lakini kambamiti wachache nao walitoroka, na bakshishi yetu ilitegemea kambamiti. Kwa hivyo tukishang'oa nanga, mbali na macho ya wakaguzi, tulilishona likazibika. Nilikuwa na mkono mwepesi wa sindano. Mara nyingi mshonaji alikuwa mimi.

Likizo ilipofika niliomba samaki wa kutupwa, nikawatia chumvi, nikawaanika, nikajaza gunia. Nilishuka nalo kwenye basi Emali, watu wakinikwepa kwa harufu. Sikujali. Nilijiona mwokozi.

Nilikuwa nimesahau kwetu ni wapi. Vijana wa Ukambani wanakula samaki siku hizi, lakini baba ni mzee wa zamani: samaki kwake ni nyoka wa majini, na chungu kilichompika hakirudi jikoni. Nilimkuta mwaitu peke yake. Alinusa gunia, akanitazama, akasema polepole, "Tupikie huku nje, kabla hajarudi." Njaa ilikuwa imemfikisha hapo.

Baba alirudi mapema. Aliona gunia, akaona sufuria ikichemka, akaipiga teke. Mchuzi ulimmwagikia mwaitu miguuni, akapiga yowe. Kisha baba akachukua koleo la zizini, akaanza kuwachota samaki wangu na kuwatupa katika shimo la choo. Chota, tupa. Chota, tupa. Nilimwona serahangi. Nilijiona mimi.

"Nau, wacha," nikamwambia baba yangu. "Mwaitu ana njaa."

"Kwangu nyoka haliwi. Rudisha hiyo takataka ulikoitoa."

Sitajitetea. Nilimrukia. Tulivutana koleo, akanipiga shavuni kwa mpini, nami nikamsukuma kwa nguvu zangu zote, mwanamume niliyeshiba chakula cha meli, dhidi ya mzee anayekula mara moja kwa siku. Akaangukia jiwe la kusagia. Niliusikia mkono wake ukivunjika, sauti kavu, kama ya kijiti cha kuwashia moto. Kwetu mtoto hamwinulii baba mkono. Majirani walinifukuza kwa mawe hadi barabarani, na walikuwa na haki.

Nilirudi melini na hasira nisiyojua niimwage wapi. Safari ya kwanza nikapewa sindano nishone dirisha. Badala yake nilichukua kisu, nikakata hata nyuzi za zamani. Wavu ulipopanda, samaki walikuwa wamepungua kweli. Kambamiti nao walipungua kidogo. Kidogo hicho kilinigharimu meno mawili. Serahangi alinipiga kwa mpini wa koleo huku wenzangu wamenishika, na bandarini nikatupwa nje na begi langu. Dirisha, nasikia, walilishona tena siku ileile.

Nilifika nyumbani mvua ikiwa imenyesha wiki mbili. Kwa majirani mahindi yalikuwa yamechipua. Shamba letu lilikuwa tupu, udongo mwekundu mtupu. Mkono wa baba ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kifundoni, na mkono wa namna hiyo haushiki plau. Fahali walikuwepo, mbegu zilikuwepo, mvua ilikuwepo. Mimi niliyeleta gunia kuwaokoa na njaa ndimi niliyewanyima msimu mzima.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Aliutazama mdomo wangu uliovimba.

"Nani alikupiga?"

"Watu wa meli. Juu ya samaki."

Akauangalia mkono wake. "Basi tuko wawili," akasema, akainuka kwenda kuwafungua fahali kwa ule mkono mzima.

Tulilima siku hiyohiyo. Yeye alitangulia akiwaongoza fahali, mimi nilishika plau, mwaitu akatufuata na mbegu, miguu yake ikiwa na makovu ya mchuzi. Kila mstari nilitaka kumwomba baba msamaha, na kila mstari niliona haya. Mvua ilikatika mapema. Mahindi yale yalikauka kabla ya kuzaa.