Rangi ya Kucha Kwenye Skurubu

Watu wa mashirika siwaamini, na sikuanza leo. Nimeishi Nairobi miaka thelathini na moja. Nimewaona wakija na fulana zao, wakitupiga picha tukiwa tumeshika sabuni, wakienda zao. Sabuni iliisha, picha bado wanazo. Kwa hivyo Mzee Inderjit aliponiambia kwamba cherehani zetu kuukuu tutazitengeneza na kuzipeleka Riruta, kwa shirika dogo linalosaidia familia zisizo na kitu zijisimamie, niliuliza swali moja tu.

"Mzee, na wao wanapata nini?"

Akacheka ndani ya ndevu. "Wewe Omollo, hata mvua ikinyesha utauliza nani ametuma."

Huyu Inderjit ndiye aliyenifunza ufundi wa cherehani. Duka lake liko Ngara, chumba kimoja mbele na kingine nyuma, na baba yake alikaa humo kabla yake. Ana miaka sabini na minane, kilemba chake sijawahi kukiona kimekaa upande, na fundi mvivu hamvumilii. Siku yangu ya kwanza alinipa mashine iliyofunguliwa vipande vipande ndani ya karai, akaenda kunywa chai. Ilinichukua siku nne kuirudisha. Hakunisaidia hata mara moja, wala hakunitukana. Ni miaka kumi na tisa sasa nikila jasho langu kwenye benchi lake.

Mwaka jana binti yake aliye Kanada akaanza kumwita akakae naye, na mzee akaanza kugawa vitu vyake. Macho yangu yalikuwa kwenye kimoja: sanduku la zana la baba yake, la mbao, lenye bisibisi na vipimo ambavyo leo huvipati popote mjini. Nasema ukweli, nililitaka. Fundi mwenye sanduku lile haombi kazi kwa mtu. Na kila mashine iliyokwenda Riruta, niliona kama sanduku nalo linasogea mlangoni.

Shirika liliongozwa na Lornah, mwalimu mstaafu, mpole kupita kiasi. Upole ule ulinitia wasiwasi. Kila familia ilipewa mashine moja, na sharti la mzee lilikuwa moja pia: ikiharibika, mwenyewe ailete Ngara kwa mkono wake.

Basi zikaanza kurudi. Ya kwanza hata wiki sita hazikuisha. Halafu ya pili, ya tatu. Zote ugonjwa mmoja, zinaruka stichi. Na mimi ndiye niliyezifunga, kila skurubu nikiikaza mpaka kiganja kikaniuma. Mashine sita, ugonjwa mmoja? Thubutu. Nikajiambia hawa wanazifungua, wanatoa vyuma vizuri wakauze, wanaturudishia takataka.

Kilichoniudhi zaidi ni mzee mwenyewe. Mama akifika na mashine, mzee hanipi mimi. Anamkalisha kwenye kiti changu, anamtia bisibisi mkononi, anamwambia, "Fungua." Mimi nimesimama kando kama mgeni, naangalia kazi yetu ikigawiwa bure.

Mashine ya saba nikaitegea. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu Peres, ile nyekundu, nikapaka tone kwenye kila chuma na kila skurubu ya ndani. Peres akauliza chupa imeishaje. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Naye akaanza kunishuku mimi.

Siku za mwizi ni arobaini, nikasema. Nikaikabidhi mashine kwa mzee. Kama kawaida yake, kabla haijatoka aliiingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakaa nayo peke yake kama dakika kumi. Mashine zote za Riruta alizifanyia hivyo. Nilidhani anaziombea, na dini ya mtu sikutaka kuihoji.

Mashine hiyo ilimwendea Awuor, mama wa watoto watatu aliyekuwa akifulia watu nguo. Wiki ya tano nikasikia imeanza kuruka. Sikungoja ailete. Jumamosi asubuhi nilikuwa Riruta, nikaingia bila hodi ukumbini mwao wanamoshonea pamoja, nikaifungua mbele ya akina mama wote. Rangi yangu ilikuwapo kila mahali. Ni skurubu moja tu, nyuma ya kifuniko cha uso, ile inayoshika nondo, yaani chuma kinachobeba sindano, ambayo rangi yake ilikuwa imepasuka.

"Nani amefungua hapa?"

Akina mama wakaacha kazi, wakasogea kuangalia.

"Mnaiba vyuma," nikasema. Hakuna chuma kilichokuwa kimepungua, na niliona hivyo kwa macho yangu. Lakini mtu akishaamua kumshika mwizi, haachi kwa sababu hakuna kilichoibiwa.

"Fundi," Lornah akasema polepole, "hapa hakuna hata bisibisi ya kuifungulia. Tunangoja mwalimu aje na zana."

Nikaibeba mashine, ushahidi wangu. Awuor akanifuata hadi langoni, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Fundi, nina sare arobaini za shule ya chekechea, zinatakiwa Jumatatu. Hiyo kazi ndiyo itanitoa kwa kufulia watu. Nilikuwa niilete Ngara leo hii, tafadhali niachie."

Nilimsikia vizuri. Nikaenda.

Jumatatu nikaiweka mashine mbele ya mzee, nikamwonyesha rangi iliyopasuka. Nilikuwa nimevimba kichwa. Akaitazama, akavua miwani.

"Hii nalegeza mimi."

"Mzee?"

"Kila mashine. Kidogo tu. Mama akishona wiki nne, tano, inalegea yenyewe." Akapiga benchi kwa kidole. "Mtu anapewa mashine mzima, siku inaharibika anaogopa, anaweka kona, anarudi kufua nguo. Mimi nataka iharibike mapema, kitu dogo, nikiwa bado hapa. Akitengeneza mara moja, haogopi tena. Wewe nilikupa karai. Umesahau?"

"Ungeniambia, mzee."

"Wewe? Nikigeuka tu ungekaza."

Ilikuwa kweli. Ningekaza.

Kisha akalivuta sanduku la baba yake kutoka chini ya benchi. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kipande cha karatasi kimebandikwa, na jina langu kwa mwandiko wake. "Lornah anajua. Nimeambia wamama, mwalimu ni Omollo, mwezi ujao anakuja na sanduku yake. Wanakungoja." Akafunga kifuniko. "Na wewe umeenda kama polisi."

Ulimi uliponza kichwa. Niliona aibu hata mikono sikujua niiweke wapi.

Nilifika Riruta kabla ya saa sita, mashine bega moja, sanduku bega la pili. Awuor alikuwa ukumbini na wenzake, akikunja vitambaa vilivyokwisha katwa, avirudishe shuleni. Shule ilikuwa imempa kazi fundi mwingine wa Kinoo asubuhi hiyo hiyo.

"Dada, nimekosa," nikasema. "Mbele yenu wote, nimekosa."

Awuor akaacha vitambaa. Akafungua sanduku, akachagua bisibisi, akakaa mbele ya mashine yake. "Nondo inakaa wapi?" Nikamwonyesha alama iliyochongwa kwenye nondo. Akaishusha mwenyewe, akakaza, akashona kipande cha kitambaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna stichi iliyoruka. Akina mama wengine wakakipokea na kukipitisha mkono kwa mkono.

Akarudisha bisibisi, akafunga sanduku, akalisukuma chini ya meza yake kwa mguu.

"Sanduku tumelipokea," akasema. "Wewe nenda nyumbani kwanza. Tutakuchunguza."

Nikamtazama Lornah anitetee. Alikuwa ameshanifungulia mlango.