Wamenicheka, lakini karata hazikukosea

Nina miaka sabini na nane. Wapiga ramli watatu wa hapa Ipagala nimewazika, nimebaki mimi na karata zangu.

Leo kaja dada wa ofisini. Shikamoo, marahaba, keti.

Mimi mteja simuulizi shida, karata ndizo zinazosema. Nikazipanga.

"Mwanangu, ndoa yako imevunjika."

"Babu, mimi nimekuja kuulizia chumba cha kupanga!"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka, wakaenda zao. Jina langu lote hilo, chini! Inaudhi.

Nikamuuliza, na hiyo pete kidoleni, chumba kimoja cha nini?

Akainama, machozi yakamtoka.

Sasa nani kakosea? Rudini niwapigie! Mnaobisha muulizeni jirani yangu Mama Neema, ndiye aliyempa kitenge ajifute.