Ndege Iliyokwenda Moyale Kinyumenyume

Mwezi uliopita, siku ya hina ya binamu yangu, nilikamua ndimu kwenye kikombe cha sukari na ile harufu ikanikamata pale pale jikoni. Wengine wakiisikia hukumbuka maarusi. Mimi, wenzangu, hukumbuka ndege.

Ilikuwa ndege ndogo ya plastiki, ya kuunganisha kwa gundi, ambayo Baba aliniletea kutoka Nairobi. Baba alikuwa na lori, na kwenye kebini yake hakuruhusu pambo lolote, si maua wala shanga. Lakini siku hiyo aliniambia, "Ikitoka safi, itakaa kwa dashibodi yangu mpaka Moyale. Ikitoka mbaya, itakaa nyuma na mbuzi." Nikaapa moyoni kwamba ndege yangu haitalala na mbuzi.

Upepo wa mchana wa Isiolo hurusha vumbi hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kwa hiyo nilipaka rangi asubuhi na mapema, hewa ikiwa bado imetulia, kwa rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki lori lilipopakwa. Nilizuia pumzi mpaka macho yakanitoka. Ilipokauka ikawa inang'aa, nami nikaingia kwenye stika zilizokuja nayo. Unakata moja, unailowesha majini, unasubiri ilegee, kisha unaisukuma kwa ncha ya kidole mpaka ikae mahali pake, nyembamba kama ganda la kitunguu. Mistari myekundu ubavuni, nyota mkiani, pande zote mbili. Hata Ayeyo, bibi yangu mzaa baba, mchoraji hina aliyesifika mtaani kwetu, aliacha kazi yake akaja kutazama.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Tangu nizaliwe nilimwona Ayeyo akipaka maji ya ndimu na sukari juu ya hina iliyokauka, ili ishike isipukutike. Nikaona stika nazo zinataka kushikwa. Nikapaka ubavu wa kushoto, ndimu ikaniishia, nikaenda shule nikitabasamu peke yangu.

Niliporudi, sisimizi walikuwa wamenitangulia. Ubavu wote wa kushoto ulikuwa mweusi, na nilipowafuta kwa kitambaa, mistari na nyota vikatoka pamoja nao, vimekunjamana. Nililia mpaka kwikwi, maana lori lilikuwa linaondoka kesho yake.

Ayeyo alicheka kwanza, sitawaficha. Kisha akaniosha uso. "Stika imeharibika," akasema. "Mkono yako pia imeharibika?"

Akanipa kijiti chake chembamba cha kuchorea hina, nikakichovya kwenye rangi nyekundu ya lori. Yeye hakugusa kitu. Aliketi kando yangu akinifundisha nitoe pumzi polepole ninapovuta mstari, badala ya kuizuia. Nikavuta mistari. Nyota ilitoka imeinama kidogo, lakini ilikuwa nyota.

Baba aliigeuzageuza ndege mkononi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema, ingawa nyoka mwenyewe alikuwa mama yake mzazi, naye amesimama pale pale. Akaigandisha katikati ya dashibodi. Ila aliielekeza pua nyuma, mkia ndio ukatazama barabara. Ubavu wa stika ukaelekea kwa abiria, na ule wangu wa kijiti ukaelekea kwenye usukani. Nikajua ananisitiri, hataki watu waone nilivyoharibu. Hata hivyo nilijivuna. Nilitangaza mtaa mzima kwamba ndege yangu iko safarini, na watoto wakanicheka kwamba inaruka kinyumenyume.

Mwaka jana Baba aliuza lori. Kitu pekee alichobandua ni ile ndege. Stika za kiwanda zilikuwa zimepauka na kupukutika, lakini mistari yangu ilikuwepo. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kama aliigeuza ili anifichie aibu.

Alinishangaa kweli. "Aibu gani? Ningeiweka mbele, ningeangalia kazi ya kiwanda mpaka Moyale. Hiyo niliachia abiria. Mimi nilitaka kuona kazi ya msichana wangu."

Kumbe safari zote zile sikuwa nimefichwa, nilikuwa natazamwa. Sasa ndege iko mezani kwangu, ubavu wa kushoto ukinielekea. Wala ile ndimu siijutii.