Kigari cha Mjomba na Mtani Aliyenyamaza

Kuanzia siku kile kigari kiliposhushwa kutoka kwenye lori la korosho pale Nachingwea, mimi nilijua kitamuua mjomba. Sikujua kitamuua vipi. Nilijua tu, kama unavyojua mwalimu wa hesabu atakuita ubaoni siku ambayo hujasoma.

Kilikuwa kidogo, milango miwili, rangi ya chungwa, ubavuni kuna namba kubwa ambayo mtu alijaribu kuifuta akachoka. Mjomba alifanya kazi Dar miaka mingi, anafungua na kufunga tairi za magari ya mashindano. Tajiri wake alipouchoka mchezo akamwambia, chukua hiki, kitanisumbua tu uani. Mjomba akakichukua kama mtu aliyepewa mtoto wa kulea.

Ndani kulikuwa hakuna kitu. Kiti kimoja, cha dereva, kimembana mtu mbavu kama kinaogopa atatoroka. Kwingine kote mabomba ya chuma yamekatizana kama banda la mbuzi, ili gari likibiringika dereva asipondeke. Nikauliza, "Kwa hiyo lilitengenezwa likijua litabiringika?" Mjomba akaniambia nifunge domo. Injini ya kigari ilipowaka, kuku wa jirani waliacha kutaga, na siongezi chumvi, jirani mwenyewe alikuja kulalamika.

Mjomba alitaka kitembee barabarani kihalali, na stika kiooni kama magari ya watu. Kwa hiyo kilihitaji kila kitu ambacho gari la mashindano linakiona ni upuuzi: sailensa, indiketa, honi, waipa, taa za nyuma, mikanda, handbreki ya kuegeshea, viti vya abiria. Alikuwa anavitoa kwenye mikweche iliyolala gereji, kimoja kimoja. Honi aliyoipata ilikuwa ya basi. Ukiibonyeza, kigari chenyewe kinashtuka.

Sasa, hapa lazima nimweleze mtani.

Mtani wa mjomba ni fundi wa kuchomelea, Mngoni, amekaa Nachingwea tangu mimi sijazaliwa. Sisi ni Wamwera. Babu zake walikuja kuwapora babu zetu, na badala ya kudaiana damu tumebaki kutukanana, mpaka leo. Yeye na mjomba hawajawahi kusalimiana kama binadamu. Asubuhi mtani anapita anasema, "Bado hujafa wewe? Nimeshaandaa sururu ya kaburi." Mjomba anajibu, "Ngoja kwanza nikuzike wewe, tule nyama." Mama yangu, ambaye ni dada wa mjomba, mtani anamwita "mke wangu," na mama anamrushia maji ya vyombo. Wote wanacheka. Ndivyo wanavyopendana.

Mtani ndiye aliyekata yale mabomba ya nyuma kwa grenda, ndiye aliyetengeneza sailensa, ndiye aliyechomelea vyuma vya kushikilia kiti cha nyuma. Jioni alipomaliza kazi ya kiti, siku chache kabla ya safari ya Jumamosi kwa mkaguzi, nilikuwepo, nimekaa juu ya tairi nakula muhogo. Alitoka ndani ya gari, akavua miwani ya kuchomelea, akajifuta jasho. Akamwambia mjomba:

"Nimekuchomea bomba la breki humo ndani. Jumamosi unakufa, na huyu dada yako namrithi mimi."

Mjomba alicheka mpaka akashika bodi. "Utamrithi na madeni yake! Kafie huko!"

Mimi pia nilicheka. Halafu nikamwona mtani anaokota vifaa vyake. Alikuwa hacheki. Aliviokota kimoja kimoja, polepole, kama anangoja kuitwa. Hakuitwa. Akaondoka.

Usiku sikulala vizuri. Kwenye magari ya watu, bomba la breki, lile la kupitisha mafuta, linapita chini, nje. Kwenye kigari hiki lilipita ndani, sakafuni, ili mawe ya mashindano yasilipige. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo kwa majivuno. Lilitoboa sakafu kushukia magurudumu ya nyuma hapohapo kilipochomelewa kiti.

Kesho yake, kabla ya shule, nilimfuata mtani kwenye kibanda chake.

"Fundi, shikamoo. Lile bomba, ulilichoma kweli?"

"Moto uliruka ukalilamba. Labda limepona, labda halijapona. Nimeshamwambia mwenyewe."

"Ulimwambia kwa utani."

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua. "Sasa mtani anaambiwaje, mwanangu? Tangu tufahamiane sijawahi kumwambia neno kwa namna nyingine. Nikimfuata na uso wa msiba atadhani nimerogwa."

Basi nikaenda mwenyewe kwa mjomba. Na hapa ndipo nilipogundua ubaya wa kuwa mimi. Mimi ndiye niliyewahi kuwaambia watu wa nyumbani kwamba kuna nyoka chooni, wote wakashikilia haja mpaka jioni, kumbe hakuna kitu. Mjomba alinisikiliza nusu sentensi, akacheka. "Wewe na yule Mngoni mmepanga. Nenda shule." Na kwetu mjomba ndiye mwenye sauti. Baba anaweza kukuchapa, lakini mjomba akisema jambo limeisha, limeisha.

Jumamosi mkaguzi wa magari alikuwa Ruangwa. Mama akasema atapanda, kwa sababu mama mdogo amejifungua hukohuko na yeye ana kuku wa kumpelekea. Mimi nikaambiwa nitapanda mbele, nishike pembetatu ya tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, maana mjomba alikuwa hajapata pa kuvifunga.

Nilisimama mlangoni. Niliwaza kujiangusha nizimie. Niliwaza kutoboa tairi. Ndipo mtani alipotokea barabarani, amevaa shati safi, nami nikamshukuru Mungu: sasa atatukana, mjomba atatukana, nitaona kumbe ni mchezo.

Alisimama mbele ya mjomba, akasema kwa sauti ya chini, "Safari njema, ndugu yangu."

Ndugu yangu!

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Hata mama aliacha kumfunga kuku miguu. "Leo umemeza nini wewe?" Mtani akatazama tairi. Hakumwita mke wangu.

Mdomo wangu ukafanya kazi bila ruhusa. "Mjomba, mwambie apande na yeye. Kama gari ni zima, apande."

"Panda basi," mjomba akasema, bado anatabasamu. "Ukaone Ruangwa, ufe unajua mji."

Nilitegemea akatae. Angekataa, mjomba angeshtuka, maana mtani gani anakataa lifti ya bure? Lakini mtani alinitazama, akatazama gari, akakunja magoti akaingia nyuma, akakaa kando ya mama na kuku. Nadhani aliona aibu kutuacha twende peke yetu. Mimi nikaingia mbele. Mlango ukafungwa kwa kasauti kepesi, kama kifuniko cha sufuria.

Kwenye njia ya kwenda Ruangwa kupitia Chiola, barabara ilikuwa inatengenezwa, kipande lami kipande vumbi. Kwenye lami mjomba alikanyaga, kigari kikaruka kama kimekumbuka ujana wake. Mimi nilikuwa natazama mguu wake tu. Kila alipogusa breki nilihesabu moyoni kama gari limetii. Lilitii. Likatii tena. Nikaanza kujicheka.

Nyuma kulikuwa kimya. Kioo cha ndani kilinionyesha mtani, macho yake sakafuni, jasho linamtoka na madirisha yako wazi. Mama alijaribu kumchokoza. "Mngoni, umeogopa gari? Si mlizoea kutembea kwa miguu mkiiba ng'ombe?" Mtani hakuinua macho. Nikamwona mama anajivuta karibu na dirisha.

Tulipofika kilele cha mteremko mrefu, ule unaoshuka hadi kwenye daraja, nikaona chini kabisa lori la kifusi limesimama njiani na wafanyakazi wanamwaga udongo. Mjomba akagusa breki. Kigari kikapunguza, lakini kivivu.

Mama akasema, "Jamani, huku chini pameloa. Kuku amekojoa kwenye viatu vyangu."

Nikacheka. Nikageuka nimtanie, nikaishia kuvitazama viatu vyake, kwa sababu nilisoma baiolojia juzi tu.

"Mama," nikasema. "Kuku hakojoi."

Nyuma yangu mtani akasema, taratibu, kila neno peke yake, "Simamisha gari. Nakuomba, ndugu yangu. Nakuomba."

Mjomba alikuwa ameshajua. Niliona pedali inakwenda chini, inakwenda tu, kama mguu wake umezama kwenye tope. Akairudia, akairudia. Akashusha gia, injini ikapiga yowe, mimi nikagonga kioo na mtungi wa kuzimia moto ukaniponda paja. Lori likawa linakua. Nilimwona mfanyakazi mmoja amesimama na koleo lake, anatushangaa tu. Mjomba akashusha gia nyingine, akavuta handbreki ikaja yote mkononi bila kushika, akakipeleka kigari ukingoni, tairi za upande wangu zikaingia kwenye mchanga laini. Kikajivuta. Kikajivuta. Kabla hakijasimama sawasawa mtani alikuwa ameshapita dirishani, sijui vipi na umri ule, anasukumiza bonge la udongo mwekundu mbele ya tairi.

Kuku ndiye wa kwanza kusema kitu.

Mama alishuka, akaenda mbali na barabara, akakaa chini. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa mafuta.

Ungedhani yameisha. Lakini fundi wa huku haamini ugonjwa wa gari mpaka alale chini yake, na hawa walikuwa mafundi wawili. Mjomba alitaka kuona kama ni bomba hilo au kuna jingine. Kigari kilikuwa kimeinamia mteremko, kimezuiwa na mchanga na lile bonge, ambalo nilikuwa naliona linamomonyoka kidogo kidogo.

"Kaa kwenye usukani," mjomba akaniambia. "Kanyaga breki, usiachie. Za mbele bado zinashika kidogo. Sisi tunaingia chini."

"Mjomba, mimi sijui kuendesha."

"Huendeshi. Unakanyaga."

Nikakaa kwenye kile kiti kinachobana mbavu. Nikakanyaga. Nikaona miguu ya mjomba inaingia chini ya gari upande mmoja, ya mtani upande mwingine, zikabaki kandambili nje. Nikasikia sauti zao chini ya makalio yangu.

"Lete tochi."

"Shika hapa. Hapa ndipo moto ulipopita."

"Mungu wangu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Sijui kama ilikuwa kuombana msamaha au kugombana. Nilikuwa sina nafasi ya kuwaza, kwa sababu pedali ilikuwa hai. Ilikuwa inashuka. Nakanyaga kwa nguvu zangu zote na bado inashuka, unywele kwa unywele, na kila ikishuka naona kigari kinajongea mbele kidogo. Labda hakikusogea. Labda ni goti langu lililokuwa linatetemeka. Lakini niliona, kwa akili yangu, bonge linapasuka na wale watu wawili wako chini, na mimi ndiye niliyeshika, mimi mtoto wa nyoka wa chooni. Nilitaka kupiga kelele watoke. Niliogopa nikipiga kelele nitapunguza nguvu za mguu. Kwa hiyo nilikaa mdomo wazi bila sauti, machozi yananitoka, huku mfanyakazi wa koleo ananitazama kutoka kule chini.

Walitoka. Mjomba kwanza, halafu mtani, mashati yao mekundu kwa vumbi. Mfanyakazi alikuwa ameleta mawe mawili ya maana, wakayabana kwenye tairi.

Mjomba akatazama jua. "Nimelikunja bomba kwa plaizi, mafuta hayatoki tena. Za mbele zipo. Tukienda polepole sana tutamkuta mkaguzi."

Akamtazama mtani. Mtani akatazama chini. Mama, kule alikokaa, hakugeuka hata kichwa.

"Sawa," mjomba akaniambia. "Shuka. Toa mguu."

"Siwezi."

"Toa mguu, mawe yapo."

"Mjomba, hautoki."

Na kweli ulikuwa hautoki. Nilikuwa nauambia toka, haunisikii, umeganda pale kama umechomelewa. Mjomba akainama mlangoni. Akanishika goti, nadhani alitaka kulivuta, lakini alipolishika akasikia lilivyokuwa linatetemeka, akaacha mkono hapohapo. Magari mawili yakapita, yakatupigia honi.

Halafu akanyoosha mkono wa pili, akauchomoa ufunguo, akampa mtani.

"Nenda kamwambie yule wa lori atukokote," akasema. "Tunarudi Nachingwea."