Chana, Mtoto wa Nyuki

Enzi zetu, nanyi mliokariri majina ya watoto wa wanyama hadi mkayaota mtanielewa, chemsha bongo ilikuwa vita. Shule yetu ya Kangemi ilifika fainali, katika ukumbi wa kanisa kule mjini, sare zetu zikinukia sabuni ya mche na soksi zimeshikwa kwa lastiki.

Mama alifunga kibanda chake cha sukuma wiki akaja kuketi mbele kabisa. Kabla sijapanda jukwaani aliniambia, "Chibu polepole, mwanangu." Sisi watu wa Magharibi mwa Kenya, j ikipita mdomoni hutoka ch.

Maswali yakamiminika: mito, miji mikuu, hesabu za kichwa. Hatukukosa hata moja. Hakuna shule iliyowahi kumaliza hivyo, na sasa lilibaki swali moja tu, langu.

"Mtoto wa nyuki anaitwaje?"

Hilo nililijua hata usingizini. "Chana!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwamuzi, mwalimu mmoja mnene wa miwani, akainua kalamu. Mwikali, mwenzangu wa timu, akanong'ona, "Wewe, umetuchoma!"

Lakini mwalimu hakuandika kosa. Aliuliza taratibu, "Una maana gani, mwanangu?"

"Chana, mwalimu! Kama ile siku ilikuja kabla ya leo!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Haya. Jana imekubaliwa leo."

Wee! Nilishusha pumzi ambayo nadhani ilifika Kangemi kabla yetu. Mama alipiga vigelegele kanisani bila aibu, Mwikali akanikumbatia huku akilia, na ile chai ya maziwa tuliyopewa pamoja na mandazi baridi sijawahi kunywa tamu kama ile. Hatukukosa hata moja! Mpaka leo nikikumbuka, mabega yanalegea.

Sasa naishi Riruta. Binti yangu hushindana akiwa amejilaza kwenye kochi, akiiambia simu majibu. Watoto wa siku hizi, hata kutoka jasho hawatoki. Juzi alikuwa hajakosa hata moja hadi swali la mwisho. Alijibu sawasawa, nilimsikia kwa masikio yangu. Simu ikasikia vingine, ikalia, mchezo ukaisha.

"Mum, si nimesema poa?"

"Umesema poa kabisa. Hebu mwambie ulimaanisha nini."

Akanitazama kwa huruma.

"Nimwambie nani, Mum?"